Sala Moja, Mara Arobaini

Jumatatu, 2 Septemba

Shule imefunguliwa. Leo nimeomba ruhusa ya siku saba kwenda kumwona mama.

Kaka yangu, ambaye mama anaishi kwake, alipiga simu jana. Miguu imevimba tena, na mama akilala chali anakosa pumzi. Kutoka hapa hadi nyumbani ni siku nzima na nusu ya pili, kurudi vilevile, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili hazitoshi hata nikiota mabawa. Barua nimeiandika kwa mwandiko wa mtihani, nikampelekea Mkuu mkononi.

Mkuu wetu ni mama mpole. Kila mtu kwake ni "mpendwa," hata mtoto aliyevunja dirisha. Aliisoma barua mpaka mwisho, akanishika mikono yote miwili, akamwombea mama pale pale ofisini, sala ndefu na nzuri, mpaka machozi yakanilengalenga. Alipomaliza akasema, "Sasa mpendwa, nikikuachia, hesabu na sayansi za darasa la sita atashika nani?"

Nimetoka na baraka. Ruhusa sikupata.

Jumatano, 4 Septemba

Nimewazungukia walimu wenzangu. Kila mmoja ana mzigo wake. Nilimfuata hata Agano la Kale. Huyu ni mwalimu wa Biblia, mzee wetu hapa shuleni. Jina tulimpa kwa sababu ya umri, na kwa sababu hasamehi upesi. Alinitazama juu ya miwani. "Mimi sayansi yangu iliishia kwenye uumbaji, mwanangu. Siku ya saba nikapumzika."

Ningeweza kuondoka tu. Lakini muhula uliopita, mama alipoanguka mara ya kwanza, niliondoka bila kusubiri jibu, siku sita. Niliporudi nilikuta barua ya onyo yenye muhuri: mara nyingine, kazi basi na chumba basi. Chumba ninacholala ni cha shule, na dawa za mama zinatoka kwenye mshahara huu huu. Sina mlango wa nyuma.

Jumatatu, 9 Septemba

Kanisa limetuletea kisanduku. Ni cheusi, unene wake kama Biblia ya mimbarini, na kimekuja na vishikwambi ishirini. Fundi aliyekileta amesema kinarusha masomo darasani bila intaneti. Kila kishikwambi kinayapokea papo hapo. Masomo yenyewe ni ya bure. Waliotengeneza wameandika wazi kwamba yeyote anaweza kuyanakili, kuyatafsiri na kuyagawa, mradi asiyauze. Kasoro ni moja: yanazungumza lugha ya watu, tena mbio mbio. Fundi akanionyesha jinsi ya kuondoa sauti ya yule mgeni na kuweka ya kwangu.

Hakuwa amemaliza kueleza, mimi nilikuwa nimeshafika nyumbani kwa akili. Masomo arobaini kwa sauti yangu, na darasa la sita halitakuwa na haja ya miguu yangu.

Nikaenda kwa Mkuu. Nikirekodi muhula mzima, naweza kwenda? Akafumba macho kidogo. "Mpendwa, Bwana amefungua mlango."

Neno lake nimelishika.

Alhamisi, 12 Septemba

Studio yangu ni stoo ya vitabu. Ina mlango wa nondo, na kwa sababu ya vishikwambi Mkuu ameagiza ufungwe muda wote, hata nikiwa ndani. Kwa hiyo najifungia mwenyewe na ufunguo nauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Ili sauti isirudi nimeegemeza magodoro ya chumba cha wagonjwa kwenye kuta zote nne. Joto ni la kutisha.

Agano la Kale alipita koridoni akasimama kwenye nondo. Nilikuwa katikati ya sehemu na asilimia.

"Unafundisha magodoro?"

"Nafundisha watoto wa mwezi ujao, Mzee."

"Na yanaelewa?"

Nikalazimika kuanza upya.

Jumatatu, 16 Septemba

Masomo manne.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua imeanza. Stoo ina paa la bati. Rekodi ya leo inasikika kama mtu anakaanga kitu huku akieleza pembetatu. Nimefuta yote.

Ijumaa, 20 Septemba

Mvua. Sikurekodi.

Jumatatu, 23 Septemba

Mvua asubuhi, mvua mchana. Saa kumi ilikatika, nikapata somo moja na nusu. Kaka amepiga: mama anauliza nitafika siku gani, si wiki gani. Nimemwambia karibu. Akasema, "Karibu ni lini, mdogo wangu?" Nikamwambia nabanwa na kazi. Nilisikia mlango ukifungwa kule kwake.

Ijumaa, 27 Septemba

Leo nimefanya jambo la akili, au la uvivu; nitajua baadaye.

Hapa shuleni hakuna somo linaloanza bila sala, na hakuna sala isiyotaja haja moja ya siku hiyo: mtoto mgonjwa, msafiri, mtihani. Ndiyo kanuni tangu shule ijengwe. Mkuu amesema masomo ya kisanduku nayo lazima yafungue hivyo hivyo. Nilipiga hesabu. Sala arobaini, kila moja dakika mbili, na mvua hii! Kwa hiyo mawingu yalipoachia kidogo saa tisa nilisali mara moja, vizuri, kwa moyo wote, na sala hiyo nitaibandika mwanzoni mwa masomo yote. Haja niliyotaja ndiyo hiyo moja niliyonayo: "Na tunamweka mbele zako mama yetu aliye mgonjwa. Umponye, Baba, umpe siku nyingi."

Nilipofika "siku nyingi" matone yakaanza kudondoka juu ya bati, moja, mawili, matatu. Nikaharakisha "Amina" kabla hayajawa mvua. Ukisikiliza unayasikia. Nimeyaacha.

Agano la Kale alipata habari, sijui kwa nani. Wakati wa chai akanijia na kikombe chake.

"Nasikia umesali mara moja ya muhula mzima."

"Maneno ni yale yale, Mzee. Mungu ameshayasikia."

"Ndiyo maana nauliza. Kama ameshayasikia, zile thelathini na tisa ni za nani?"

Mzee wa kukera huyu. Hajawahi kubonyeza hata redio.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimemaliza. Arobaini. Sauti imekauka kama jani la mwaka jana, lakini nimemaliza. Jumatatu tunaanza, somo moja kila siku. Nitakaa siku tatu waone linavyokwenda, Alhamisi nasafiri. Nguo mbili nimeshazikunja.

Jumatatu, 7 Oktoba

Somo la kwanza. Ningecheka vizuri, lakini Mkuu alikuwa amesimama nyuma.

Watoto thelathini na wanane, wawili wawili kwa kishikwambi. Kila jozi ikabonyeza kwa wakati wake. Sala yangu ikaanza kona ya kushoto, wakasimama, wakafumba macho. Kabla hawajaitikia amina, ikaanza katikati. Wale wa katikati wakasimama. Wa kushoto wakakaa, wakasikia sala ya jirani, wakaona si adabu kukaa mtu akisali, wakasimama tena. Darasa lote likawa linainuka na kushuka. Kuna binti tunamwita Kwa Nini, maana ndilo neno lake. Alisema amina kumi na moja, alizihesabu. Tulisali dakika ishirini na mbili, tukafundishwa asilimia dakika kumi na tatu.

Kuanzia kesho nitasema "bonyezeni" na wote watabonyeza pamoja.

Jumanne, 8 Oktoba

Vizuri sana. Kimya, macho yote kwenye kioo, vidole vinarudisha nyuma pale wasipoelewa. Kwa Nini alirudia sehemu moja mara sita. Mimi mwenyewe nisingemrudia mara sita. Niliona fahari, naikiri.

Matone yale wameshayapa jina. Yakianza wananong'ona, "Mvua ya Mwalimu," halafu wanasema amina.

Jumatano, 9 Oktoba

Nilipeleka barua ya ruhusa, ya pili. Mkuu alinikalisha.

"Mpendwa, kazi yako imebarikiwa mno. Nimewaandikia wakuu wa shule zote za kanisa. Watakuja tarehe kumi na sita kuona."

"Lakini masomo yanakwenda yenyewe, Mkuu."

"Masomo yanakwenda yenyewe. Kisanduku je? Kikiganda, nani atakigandua? Baada ya wageni, mpendwa. Wiki moja tu."

Kweli kinaganda. Karibu kila siku. Unazima, unahesabu hadi thelathini, unawasha hicho kwanza, halafu vishikwambi, la sivyo hakuna kitu. Anayejua ni mimi. Nilidhani nimetengeneza mtu wa kunishikia zamu. Kumbe nimejizalia mtoto wa kulea. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kaka hakupokea simu mpaka mara ya nne. Nilimweleza habari za wageni. Akasema, "Sisi hapa hatuna wageni, tuna mgonjwa." Nikamtumia kwa simu somo moja, la tisa, mzunguko wa maji, maana ndilo fupi. Nikaandika: ona kazi ninayoifanya, usifikiri nakaa bure. Jibu lake lilikuwa neno moja. "Nimeona."

Nimelia kwa hasira.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua imekata barabara. Wageni wameahirisha hadi tarehe thelathini. "Baada ya wageni, mpendwa."

Alhamisi, 17 Oktoba

Somo la tisa leo, lile nililomtumia kaka. Nimekaa nyuma ya darasa langu, nasikiliza sauti yangu, na kazi yangu ni kutazama taa ya kijani isizime.

Jumatatu, 21 Oktoba

Agano la Kale alikuja stoo na daftari la mistari mipana.

"Nionyeshe kinavyowashwa."

"Kwa nini, Mzee?"

"Unataka kunihoji au kunifundisha?"

Nilimfundisha kwa shingo upande. Anaandika kila kitu. "Zima. Kuhesabu hadi thelathini: kwa haraka au taratibu?" Taratibu, Mzee. "Taratibu kama nani?" Nadhani anatafuta makosa ayapeleke mbele ya kamati ya shule. Mtu aliyeikejeli mashine tangu mwanzo haamki siku moja na kuipenda.

Alhamisi, 24 Oktoba

Agano la Kale alijaribu kukiwasha peke yake wakati wa mapumziko. Alibonyeza kitufe cha nyuma, kile kidogo, na masomo yote yakatoweka kwenye vishikwambi. Ilinichukua saa mbili kuyarudisha. Mkuu akasema mbele ya walimu wote, kwa upole wake ule, "Mnaona wapendwa kwa nini siwezi kumwachia mwalimu wetu aende?"

Nilimfokea yule mzee koridoni. Mtu wa umri wa baba yangu. Aliinamisha kichwa, akafungua daftari, akaandika: *Kitufe kidogo cha nyuma usikiguse.*

Jumatatu, 28 Oktoba

Mama haongei sana sasa. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyepokea. Nikamwomba ampe mama simu. Akasema amelala, akiamka ndiyo saa zake nzuri, saa nne asubuhi hadi saa sita mchana. "Piga saa hizo, wifi."

Saa hizo simu yangu iko kwenye droo. Simu za walimu hukabidhiwa ofisini saa moja na nusu, hurudishwa saa tisa, ili tusiwakwaze watoto. Shule yenye kisanduku cha kurusha masomo hewani, na mimi siwezi kumwambia mama habari za asubuhi. Nilimweleza Mkuu. Akasema kanuni ni kanuni, ila kukiwa na dharura yeye mwenyewe atanijulisha.

Jumatano, 30 Oktoba

Daraja limejaa maji. Wageni: tarehe saba Novemba.

Napigwa danadana na mvua na mtu mpole, na sijui yupi ananichosha zaidi.

Ijumaa, 1 Novemba

Kikao cha walimu. Mwishoni Agano la Kale akasimama, akafungua daftari.

"Mkuu, nimekiwasha kisanduku siku tano mfululizo. Kimeganda mara tatu, nimekigandua mara tatu. Mwulizeni mwalimu. Hata hao wageni nitawaonyesha mimi. Mwacheni binti akamwone mama yake."

Nikajua basi kwa nini alikuwa akijifunza. Nilitamani sakafu inimeze kwa yale niliyomwambia koridoni.

Mkuu alitabasamu. "Ni wazo la upendo, Mzee. Lakini wageni wanakuja kumwona mwenye sauti. Imebaki wiki moja. Tarehe nane asubuhi ataondoka, naahidi mbele zenu."

Kisha tukasimama tukamwombea mama. Mimi sikufumba macho. Nilimtazama Mkuu akisali, na kwa mara ya kwanza sikuona upole, niliona mtu anayefunga mlango taratibu ili usilie.

Jumapili, 3 Novemba

Nimekata tiketi ya tarehe nane.

Jumatano, 6 Novemba

Mkoba uko mlangoni.

Alhamisi, 7 Novemba

Naandika kituoni, juu ya mkoba. Basi la kwanza linaondoka alfajiri, na sikuweza kukaa chumbani.

Wageni walifika saa tatu, watu tisa, viatu vimejaa tope. Somo la ishirini na nne, mwanga na vivuli. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka kana kwamba nalo lilialikwa. Nikasema bonyezeni, watoto wakabonyeza, sauti yangu ikasali, umponye, Baba, umpe siku nyingi, matone, amina. Mgeni mmoja alitoa leso. Kisanduku hakikuganda hata mara moja. Agano la Kale alisimama kando ya waya muda wote na daftari kwapani, endapo kingeganda.

Wakataka nakala. Mkuu akasema ni bure, ni kazi ya Mungu, chukueni yote. Wakanakili shule tano. Wakauliza maswali, wakanywa chai, wakapiga picha, wakauliza tena. Wameondoka saa nane. Mkuu akaniita ofisini, akafungua droo, akanipa simu. Ilikuwa imelazwa kifudifudi.

"Ilikuwa inalialia, mpendwa. Nilidhani ni simu ya kawaida. Sikutaka kukuvuruga."

Kaka, saa nne na dakika tano. Kaka. Kaka. Wifi. Kaka. Ya mwisho saa sita kasoro kumi. Mara tisa.

Nilipiga nikiwa nimesimama pale pale. Kaka akasema, "Amepumzika saa saba."

Nikapiga ukelele, Mkuu akazunguka meza akaja kunishika. Akasema, "Chukua siku saba za kazi, mpendwa. Msiba ni msiba."

Kwa ugonjwa sikupewa hata siku moja. Kwa kifo nimepewa saba, bila kuandika barua.

Jumapili, 10 Novemba

Tumemzika jana. Niliwahi kaburi tu.

Leo asubuhi kaka aliniita uani. Tangu nifike hakuwa amenitazama usoni, nami sikumlaumu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa simu yake.

"Lile somo ulilonitumia."

Nikasema, kaka, nisamehe, nilikuwa na hasira.

"Nyamaza kwanza. Nililiwasha siku ile ile nikiwa karibu naye, nione ni kitu gani. Akasikia sauti yako. Akasema, huyo si mwanangu? Akasikiliza sala. Akasema amina. Kuanzia hapo kila asubuhi akiamka: niwekee mwalimu wangu. Yale mambo ya mvuke hakuyataka, alitaka sala tu. Mara nyingine mara tatu, nne. Na kila mara anaitikia upya, kama ndiyo kwanza anasikia."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na yale matone ya mwisho, unajua? Yakianza tu anasema, mvua hiyo, mwambieni aanue nguo."

Tukacheka wote wawili, kisha hatukuweza kuendelea kucheka.

Baadaye akasema, taratibu, "Alhamisi alitaka kukusikia mwenyewe. Alisema leo nipeni simu. Tulipiga, tulipiga. Nilipoona hupokei nikamwekea somo. Sikumwambia ni somo."

"Akasema nini?"

"Aliitikia. Halafu akasema uanue nguo."

Nimeandika haya ili nisije siku moja nikayageuza. Mama alikufa akidhani amezungumza nami.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimerudi. Somo la thelathini na moja.

Wiki nzima Agano la Kale ndiye aliyeshika darasa. Kisanduku kilikuwa safi, waya zimekunjwa vizuri. Nilisema bonyezeni kwa mazoea, bila kufikiri. Watoto wakabonyeza, kisha wakaangaliana. Sauti yangu ikaanza.

Wakasimama polepole. Wanajua, walitunga barua ya pole, ilikuwa mezani kwangu, majina thelathini na manane. Sauti ikasema umponye, Baba, umpe siku nyingi. Matone yakaanza. Amina yangu ikapita peke yake. Hakuna aliyeitikia.

Kwa Nini akainua mkono. "Mwalimu, wiki ile Mzee alituambia turuke hapa, akawa anatuombea yeye kwa mdomo. Leo tuseme amina?"

Macho yote kwangu. Nilitaka kusema hapana, kaeni, tuendelee na duara. Ningeweza kusema makosa ni ya mashine, lakini mashine haikuwa na kosa lolote. Ni mimi niliyesali mara moja nikaona inatosha, na yule mwanamke aliyekuwa amelala kule akaijaza ile sala kila asubuhi kwa amina yake. Yeye aliitikia mimi sipo. Leo mimi nipo.

"Semeni," nikasema.

Wakasema. Nami nikasema pamoja nao, na sauti ikanikatika katikati ya neno.

Kisha niliwaambia wafunike vishikwambi. Tulifundishana duara kwa chaki na kamba ya kiatu, ile ya ufunguo. Sikumbuki mara ya mwisho kufundisha vibaya hivyo, na hakuna mtoto aliyelalamika.

Jumanne, 19 Novemba

Nilimwomba radhi Agano la Kale, kwa maneno ya koridoni. Akasema, "Nilishasahau." Mwongo. Huyu hasahau kitu. Lakini alinimiminia chai yeye mwenyewe.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua imepungua. Mtihani.

Ijumaa, 29 Novemba

Tumefunga shule. Somo la arobaini lilikuwa la marudio.

Mkuu aliniita. Mezani kulikuwa na barua kutoka shule zile tano, zote za shukrani. Muhula ujao anataka arobaini ya darasa la saba, kwa sauti ile ile. "Sauti yako imekuwa huduma, mpendwa. Mama yako angefurahi."

Nilikuwa nimenyamaza siku ishirini na mbili. Nilivua ufunguo shingoni, nikauweka juu ya zile barua.

"Mkuu, simu ililia mara tisa."

Alifungua mdomo. Nilingoja "mpendwa," nilingoja anishike mikono na kufumba macho, lakini hakusali. Alitazama droo. Kengele ya kufunga ikalia, nikasimama na kumwambia kwamba Mzee anajua kuwasha, kuzima na kugandua, yote yako kwenye daftari lake. Na kwamba jina langu asiliweke kwenye ratiba mpaka nimwambie.

Kilichonifunga hapa kilikuwa dawa za mama. Dawa hazinunuliwi tena. Mlango niliokuwa nauomba tangu Septemba uko wazi, na sina ninayemkimbilia.

Kabla ya kutoka niliingia stoo mara ya mwisho; Mzee alinifungulia kwa ufunguo wa akiba. Magodoro yamerudishwa chumba cha wagonjwa, kuta ziko tupu. Nilikiwasha kisanduku, nikafungua somo la kwanza, nikaikata sala. Somo la pili, nikaikata. Atakayesimama darasani mwakani atasali yeye, kwa haja ya siku hiyo, kwa mdomo wake. Zile nakala za shule tano siwezi kuzifikia. Huko mama bado ni mgonjwa, na watoto nisiowajua bado wanamwombea siku nyingi. Niliendelea hadi la arobaini, nikazima, nikahesabu hadi thelathini, taratibu.

Somo la tisa nimeliacha lilivyo.